Sura ya Saba: Gari la Mjini Linalolala Mlimani

Marani, gari hupimwa kwa Probox. Ndiyo inayoteremka alfajiri kwenda Kisii mjini ikiwa imejaa wauguzi, walimu, wanafunzi na mikungu ya ndizi, na ndiyo inayopanda jioni ikiwa imebanana zaidi ya asubuhi. Toyota ilipoitoa mwaka 2002 ilikusudia kuwauzia wafanyabiashara wa Japani gari la kusambazia mizigo midogo mjini. Vilima vya Kisii na Nyamira viliichukua vikaifanya yao. Kwa hiyo mtu wa Marani anapoanza kuwaza gari la familia lililoinuka kidogo, lenye viti vizuri na mikoba ya hewa ya kuokoa watoto, atakuwa analilinganisha na Probox hata kama hasemi. Je, litafika pale Probox inapofika? Je, fundi wa jua kali analijua kama anavyoijua injini ile ya cc 1,500 iliyomo pia kwenye Fielder, Vitz na Premio? Katika sura hii nitayashikilia maswali hayo mawili, kwa sababu ndiyo ambayo matangazo ya yadi za Ngong Road hayayagusi.

Krosova ni gari lenye umbo la kuinuka kama la SUV lililojengwa juu ya mifupa ya gari dogo la kawaida. RAV4 ya mwaka 1994 ndiyo iliyofungua njia, Honda CR-V ikafuata mwaka 1995, na Subaru Forester mwaka 1997. Tofauti na Prado au Hilux, krosova haina chesisi inayosimama peke yake. Mwili na chesisi ni kitu kimoja. Faida yake ni wepesi, ulaji mdogo wa mafuta na mwendo mtulivu. Hasara yake ni kwamba sampu ya mafuta ya injini na bomba la moshi vinaning'inia tumboni vikiwa na kinga ndogo sana, mara nyingi kipande cha plastiki tu. Anayeendesha kati ya Westlands na Kilimani anaweza kuisahau plastiki hiyo miaka yote, lakini aliyejenga Sensi, Kegogi au Monyerero ataisikia ikikwaruza mawe msimu wa kwanza wa mvua.

Mjini kwa mtu wa Marani ni Kisii, na Kisii si mji wa tambarare. Uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, umekaa mteremkoni, na barabara kuu inayotoka Ahero kwenda Isebania hupita katikati yake. Malori yanayoelekea Migori na mpaka wa Tanzania yanagombania lami hiyo hiyo na matatu, bodaboda, mikokoteni na watu wa soko la Daraja Mbili. Foleni hapa hukukamata ukiwa kwenye mpando: unasimama, unasonga hatua tatu, unasimama tena, na nyuma yako kuna lori ambalo pua yake inakaribia kioo chako. Baada ya hapo unarudi nyumbani, lami inaisha, na sehemu ya mwisho kufika langoni ni udongo mwekundu. Nyanda hizi hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na hakuna mwezi wa kuapia kwamba utakuwa mkavu. Gari la Kisii mjini linalolala Marani linahitaji kuziweza barabara zote mbili siku moja, kila siku. Ukichagua kwa kuitazama barabara ya lami peke yake, ile ya udongo itakudai.

Tuanze na tumbo. Wauzaji wengi husema "gari limeinuka" wakaishia hapo, ilhali kimo cha tumbo kutoka ardhini ni namba inayojulikana na haifanani hata kwa magari ambayo kwa macho ni ya rika moja. Forester ya kizazi kilichoanza 2012 ina milimita 220. Mazda CX-5 ina 210, Nissan X-Trail haiko mbali na hapo, na Subaru XV ina 200. Toyota Raize, ndogo kuliko hizo zote, ina 185. Honda Vezel za soko la Japani hukaa kati ya 170 na 185 kutegemea aina. Halafu kuna Toyota C-HR, gari lenye matairi makubwa na mabega ya kibabe ambalo vijana hulipenda sana: ile ya haibridi ya Japani, inayosukumwa na magurudumu ya mbele, ina milimita 140 tu, na ile ya magurudumu manne ina 155. Kwa mtu wa Nyanchwa au Jogoo anayelala karibu na lami, C-HR ni gari zuri, tulivu na lisilolewa petroli. Kwa mtu wa Kegogi ni gari la kumtia hasira.

Namba hizo hupimwa gari likiwa tupu. Weka watu watano, gunia la mahindi na mkungu wa ndizi, na gari lenye springi za miaka minane litashuka kwa kiasi ambacho utakiona kwa macho. Ndiyo maana mafundi wetu huweka spesa juu ya springi kuliinua. Spesa ndogo kwenye gari zima si tatizo, lakini ukizidisha, shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele hukaa kwa pembe ambayo hazikuundiwa, na viungo vyake huanza kugonga kila unapokata kona. Kununua gari fupi kwa nia ya kuliinua baadaye ni kununua matengenezo. Heri gari ambalo kiwanda chenyewe kiliinua.

Upana nao husahaulika. Njia nyingi za vijijini huku zina ua wa mimea upande mmoja na mtaro upande wa pili, na hapo ndipo Probox mbili hupishana kwa ustadi wa miaka. Raize ina upana wa milimita 1,695 na urefu usiofika mita nne. Vezel ni 1,770, Forester 1,795, CX-5 ni 1,840. Tofauti ya Raize na CX-5 haifiki sentimita kumi na tano, lakini ukikutana na pikapu ya ng'ombe kwenye njia yenye mtaro, sentimita hizo ndizo zinazoamua nani arudi nyuma hadi kwenye kibanda cha maziwa. Mjini pia, ukitafuta pa kuegesha wakati wa soko, gari fupi linaingia pale ambapo lingine linazunguka mtaa mara mbili.

Sasa mlima wenyewe. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi na silinda inavuta oksijeni kidogo. Huku kwetu, basi, injini kama hiyo inafanya kazi ikiwa imepungukiwa na karibu asilimia 17 ya nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Injini ya cc 1,500 iliyokuwa mahiri Mombasa bandarini ilipojaribiwa mara ya kwanza itaguna ikibeba familia mpandoni. Tabo husaidia sana hapa, kwa kuwa hubana hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Ndiyo maana Raize yenye injini ya lita moja na silinda tatu, ambayo wengi huicheka wakisikia namba hiyo, hupanda vizuri kuliko inavyotarajiwa: ina tabo, na msukumo wake wa nyutonimita 140 unapatikana mapema, kabla injini haijapiga kelele.

Sanduku la gia ni muhimu kuliko injini, na ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alisome mara mbili. Krosova nyingi ndogo zinazoingia nchini, X-Trail, Juke, Raize, Vezel ya petroli, hutumia gia za CVT, mfumo wa mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili badala ya meno ya gia. Forester nazo kwa wingi hutumia CVT, ingawa yake huzungushwa kwa mnyororo. Mjini mfumo huu ni mtamu, hauna mishtuko na unaokoa mafuta. Kwenye mlima mrefu, gari likiwa limejaa, unapata joto, na joto ni adui wa mafuta yake. Mafuta hayo ni ya aina maalumu. Niliwahi kusimama kwenye gereji moja mjini Kisii mwalimu alipoleta gari lake likiwa linatetemeka kila likianza kupanda.

"Mwalimu," fundi alimwambia baada ya kuchomoa kijiti na kunusa, "hili gari si bovu. Limelishwa mafuta yasiyo yake."

"Lakini fundi, si ni mafuta ya gia tu?"

"Hapana, mwalimu. Haya ni ya gia za kawaida. Mkanda wake unateleza."

Kuna watu wengi wanaoiacha CVT bila kubadilishwa mafuta kwa sababu mtu aliwaambia kwamba mafuta hayo ni ya maisha. Kwa milima ya Kisii, yabadilishe kila kilomita 40,000 hivi, na uyanunue mwenyewe yakiwa kwenye mkebe uliofungwa, ukisoma jina la aina ambayo kitabu cha gari kinataka. Mazda CX-5 imeepuka suala hilo kabisa: ina gia sita za kiotomatiki za mtindo wa kawaida, na mpandoni unaihisi ikishika gia na kuing'ang'ania. Vezel ya haibridi ya kizazi kilichoanza mwisho wa 2013 ina mfumo mwingine tena, wa klachi mbili, na Honda iliyarudisha magari hayo kiwandani mara kadhaa mwaka 2014 kurekebisha programu ya gia. Za miaka ya baadaye ni afadhali, lakini foleni ya kusukumana mpandoni ndiyo kazi ambayo klachi mbili haziipendi. Anayetaka Vezel kwa ajili ya Marani achukue ya petroli.

Na CX-5 ya dizeli? Ni gari lenye nguvu nyingi na linasafiri vizuri kutoka Nairobi kupitia Mai Mahiu, Narok na Bomet. Lakini kwenye bomba lake la moshi kuna chujio la masizi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi gari likiwa limekwenda kasi kwa muda mrefu. Safari fupi ya Marani hadi Kisii, nusu yake ikiwa foleni, haitoi joto hilo. Masizi hujaa, taa huwaka kwenye dashibodi, na wengine huishia kumlipa fundi akate chujio hilo na kulitupa, jambo linaloharibu gari na hewa tunayovuta. Dizeli mwachie mtu wa safari ndefu.

Bei inatungwa Mombasa zaidi kuliko Japani. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu usajili wake wa kwanza, na lazima usukani uwe kulia. Mwaka 2025, gari lililosajiliwa kabla ya Januari 2018 lilikuwa limeshafungiwa mlango. Japani nako gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi huo una gharama ambayo wenye magari wengi huikwepa kwa kuuza. Hesabu mwenyewe: tatu, tano, saba. Ukaguzi wa mwaka wa saba humwaga magari mengi mnadani, mwaka mmoja tu kabla ya Kenya kuyakataa. Ndiyo sababu yadi zetu zimejaa magari ya miaka saba.

Ushuru haukokotolewi kwa bei uliyoshinda nayo mnadani. KRA ina orodha yake ya bei za magari mapya, hukata uchakavu kulingana na umri, huondoa kodi zilizomo ndani ya bei hiyo, kisha inachukua thamani inayobaki. Orodha mpya ilianza kutumika Julai 2025. Tuseme thamani hiyo ni Sh600,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni Sh210,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500, nao hutozwa juu ya jumla ya vyote viwili, yaani Sh162,000. VAT ya asilimia 16 juu ya yote hayo ni Sh155,520. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na ya reli, asilimia 2, zinaongeza Sh27,000. Jumla ni Sh554,520, karibu kununua gari mara ya pili. Injini ikizidi cc 1,500, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 25 na jumla inafika Sh601,500. Tofauti ya takribani Sh47,000 si ya kumfukuza mtu kwenye CX-5 ya cc 2,000, lakini inatosha seti ya matairi mazuri, na hapo inakuwa fedha yenye maana.

Kwa mfuko wa kawaida, wa mwalimu aliyekopa kwenye Sacco au mkulima aliyeunganisha bonasi ya majani chai ya Oktoba na akiba ya duka, mimi ningeanza na Raize iliyoagizwa. Ilitoka Novemba 2019, kwa hiyo bado ni changa, ni nyembamba, ina kimo cha kutosha, tabo yake inaujua mlima, na iko kwenye ngazi ya chini ya ushuru. Msomaji ana haki ya kujua kwamba inaundwa na Daihatsu, kampuni ambayo mwaka 2023 ilikiri udanganyifu katika majaribio ya usalama. Mei mwaka huo mauzo ya Raize za haibridi yalisimamishwa kwa sababu ya jaribio la kugongwa ubavuni na nguzo, na Desemba Daihatsu ikasimamisha usafirishaji wa magari yake yote, hadi serikali ya Japani ilipoanza kuyaruhusu modeli moja moja mwaka 2024. Mimi bado naipendekeza ya petroli. Mwenye moyo mzito juu ya habari hiyo aende kwa Vezel.

Kwa anayenunua gari lililotumika hapa hapa nchini, nenda kwa injini ambayo fundi anaijua. Juke ya cc 1,500 ni ndogo nyuma na haina kimo cha kujivunia, lakini injini yake ni ile ile ya Tiida na Wingroad, na spea zake hazikulazi Nairobi. Vezel ya petroli ina undugu na Fit. X-Trail inashiriki injini na Serena. Forester ndiyo mfalme wa matope kati ya zote hizi, na nimeiona ikipanda mahali ambapo wengine walishuka wakasukuma. Hata hivyo inakunywa zaidi, na si kila fundi anayeweza kuifungua injini yake iliyolala ubavu. Nunua Forester kama una fundi wa Subaru unayemwamini. Kumpata baada ya kununua ni kazi kubwa. Kabla ya kulipa, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen uone kama jina la benki limo kwenye umiliki.

Magurudumu manne? Kwa wengi hayana lazima. Matope ya Marani hushindwa kwanza na tairi. Magari ya kaskazini mwa Japani huja na tairi laini za theluji ambazo kwenye lami ya joto huliwa upesi na zikilowa huteleza. Angalia ubavuni namba nne zilizozungushiwa duara: 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Tairi zenye umri wa gari lenyewe zitoe hata kama meno bado yapo. Kisha inama utazame tumboni, kwa sababu barabara za theluji humwagiwa chumvi, na kutu ya chumvi hula kuanzia chini, mahali ambapo rangi mpya ya yadi haifiki. Kama langoni kwako kuna mwinuko wa udongo ambao hata Probox huupanda kwa kuchukua mbio, hapo lipa ziada ya magurudumu manne bila kusita.

Dai karatasi ya mnada ya gari lenyewe. Alama ya 4 au 4.5 ni nzuri. R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa mwili, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha kilomita zilizoandikwa pale na zilizo kwenye dashibodi. Muuzaji asiyekuwa na karatasi hiyo kwa gari lililotoka melini mwezi uliopita, mwache.

Siku ya kujaribu, usikubali kuzungushwa barabarani mbele ya yadi ukiwa peke yako na kijana wa mauzo. Nenda na watu wazima wanne, utafute mpando, usimame katikati yake, uachie breki, uondoke taratibu mara kadhaa. Sikiliza gia kama zinatetemeka. Kata kona usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho, usikilize shafti. Na kabla ya siku hiyo, tenga angalau Sh150,000 nje ya bei ya gari: mafuta ya injini na ya gia, maji ya breki, chujio zote, tairi mbili au nne, bushi za mbele, na bima. Kama fedha hizo hazibaki baada ya kulinunua gari unalolitaka, teremka modeli moja au ongeza mwaka mmoja wa umri hadi zibaki.